Vidonge Vinne vya Baba Donatha

Nimepona. Naanza na hilo ili wewe dada yangu unayesoma haya huku unawashwa na kuona aibu usikate tamaa kabla sijafika mwisho. Nina miaka sitini na mmoja, nina wajukuu watatu, na nimepona trikomona, ugonjwa wa zinaa ambao hata jina lake nilikuwa silijui. Hasira sijapona. Hiyo sijaomba niponywe, na kama umekuja hapa kutafuta maneno matamu ya kusamehe, kaulize kwingine.

Ilianza Louisville, majira ya joto yakianza. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali, kusimama kwa saa nane kutwa, mvuke usoni. Nikaanza kuwashwa. Nikasema ni jasho. Ikaja harufu, ukaja uchafu wa rangi ya njano, kukojoa kukawa kunaunguza mpaka nashika ukuta wa choo. Nikasema ni uzee. Hedhi yangu ilikuwa imekoma miaka mingi, na kila mwanamke wa umri wangu niliyemjua alikuwa na lake linalomsumbua huko chini na hakuna aliyelitaja. Nilioga maji ya chumvi miezi miwili. Kisha nikaanza kutoka damu baada ya kulala na mume wangu.

Mume wangu, Zakaria, watu wote wanamwita Baba Donatha kwa jina la binti yetu wa kwanza. Alikuwa mzee wa kanisa na kiongozi wa kwaya. Siku ile ya damu aliangalia shuka, akavuta blanketi, akasema, "Umekauka, Mama Donatha. Ndiyo umri huo." Akageukia ukutani. Mimi ndiye niliyeamka kufua lile shuka, nikimwonea huruma yeye kwa kuoa mwanamke aliyekauka.

Kliniki nilikwenda peke yangu. Chumba cha kusubiri kilijaa wasichana, kila mmoja na simu yake, na mimi na kitenge changu na mkoba wa kanisani. Nilikaa kiti cha pembeni nikajifanya nimemsindikiza mtu. Walipoita jina langu, wakalitamka vibaya, wasichana wote waliinua macho wakaniangalia, bibi kizee mzima. Nilitamani sakafu ipasuke.

Ndani nesi aliweka simu mezani. Kwenye simu kulikuwa na mkalimani, sauti ya kijana, Kiswahili chake cha Tanzania kabisa.

"Shikamoo mama. Samahani sana, si mimi ninayeuliza, ni nesi. Anauliza mwaka huu umelala na wanaume wangapi."

"Marahaba. Mwambie mmoja. Mmoja tangu nikiwa na miaka kumi na tisa."

Wakaongea Kiingereza. "Mama, anauliza kama una uhakika."

"Mwanangu, ingekuwa mama yako, ungemuuliza mara mbili?"

Akasema taratibu, "Hapana, mama. Ngoja nimwambie ni mmoja, na kwamba nimeshauliza." Sijui kijana yule yuko mji gani, lakini siku ile yeye peke yake ndiye aliyenisitiri.

Majibu yalitoka baada ya siku chache, yakasema trikomona. Nesi alinipa dawa ya siku saba, kutwa mara mbili. Akanipa na kibahasha kidogo cha karatasi chenye vidonge vinne, vya mume wangu, avimeze vyote kwa mara moja baada ya kula, hata kama haumwi popote. Alisema wanaume wengi hawasikii dalili yoyote. Alisema tusilale pamoja mpaka tupone wote wawili. Kijana wa kwenye simu alinirudishia kila neno, nami nikaitikia.

Sasa nitakwambia kosa langu, na ni kosa ambalo Mmarekani hawezi kulifanya. Nilipofungua kile kibahasha niliijua ile dawa. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, niliingia nikiwa mtoto wa kubebwa, nikaolewa humo, nikazaa humo. Vidonge vile tulivimeza miaka yote kwa ajili ya amiba. Tumbo likikata, unapanga foleni, unapewa vile vile, chungu, vinaacha mdomoni ladha ya sarafu. Nikajiuliza, dawa ya tumbo inatibuje ugonjwa wa zinaa? Nikamwonyesha Baba Donatha, naye akacheka sana.

"Hii? Si ndiyo ile ya amiba! Umepata amiba kwenye vyoo vya kule kazini kwenu. Hawa wamekuona mwanamke mweusi wakakuandikia uzinzi."

Nikamwamini. Tena nilifurahi kumwamini. Akachukua kibahasha na glasi ya maji akaingia chumbani, nikamsikia anameza. Maji aliyameza kweli.

Nilimaliza siku zangu saba nikiwa na kichefuchefu, na kuwashwa kukatulia. Nikamrudia mume wangu kitandani, nikimshukuru Mungu. Baridi ilipoingia, kuwashwa kukarudi. Nikarudi kupimwa kama walivyoniagiza, baada ya miezi mitatu, na nesi akasema iko pale pale.

Nilipomwambia Baba Donatha jioni ile, hakucheka. Aliweka kijiko chini. "Mimi nilimeza," akasema. "Kama imerudi, basi wewe unajua umeitoa wapi."

Angekuwa amenipiga kofi ningejua la kufanya. Miaka arobaini na mbili nimemfulia, nimembebea maji nikiwa na mimba. Jumatano iliyofuata, kwenye maombi, alisimama mbele ya watu akaomba kanisa limwombee mke wake, kwa kuwa ameingiliwa na roho ya uzinzi uzeeni. Alilia. Baba Donatha analia vizuri, machozi yanamfika kidevuni. Jumapili yake nilipokwenda kukaa kwenye benchi la akina mama, Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wetu, aliweka mkoba wake kwenye nafasi iliyobaki. Hakuniangalia. Nikaenda kukaa nyuma karibu na mlango wa choo, na ndipo pakawa mahali pangu.

Miezi ile ndiyo mibaya, na ndiyo ninayotaka uisikie, maana kuwashwa kuna dawa. Nilikuwa nalala chumba cha wageni. Nilioga mara tatu kwa siku mpaka ngozi ikachubuka. Chakula kilikuwa kama karatasi. Kazini mashuka yalikuwa yananipita kwenye mkanda nami nimesimama tu, mpaka msimamizi anipigie kelele. Nguo za kanisani zilinining'inia. Asubuhi nikifumbua macho nilikuwa nasikitika kwamba nimefumbua. Nami nilianza kujiuliza kama kweli niliitoa mahali, labda kwenye taulo, labda kwenye ndoto. Angalia mtu anavyoweza kukuingilia kichwani. Nilifikia kutubu dhambi ambayo sikuifanya, peke yangu bafuni, nimepiga magoti kwenye vigae.

Donatha ndiye aliyenitoa. Anaishi Hilliard, pembeni ya Columbus, anafanya kazi ya kuwatunza wazee. Alikuja kunisalimia, akanikuta nimekaa na koti ndani ya nyumba. Hakuuliza mengi. Alikusanya nguo zangu kwenye mifuko ya plastiki, akamwambia baba yake, "I'm taking Mom," na baba yake akajibu kwa Kiswahili kwamba mke wa mtu hachukuliwi. Donatha akaniwekea mkanda wa gari kama anamfungia mtoto.

Columbus walinipa dawa tena, siku saba, ladha ile ile ya sarafu. Wakanipeleka na kwa mshauri, mwanamke Mweusi wa hapa hapa Marekani, makamo yangu, mvi zake amezisuka. Chumba chake kilikuwa na viti viwili na boksi la tishu. Kila nikienda ananipa karatasi ya maswali, wiki mbili zilizopita umejisikia huna thamani mara ngapi. Siku ya tatu, simu ya mkalimani ikiwa katikati yetu, safari hii mwanamke, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza maishani. Aliniuliza kama, kabla ya haya yote, nilikuwa nafurahia tendo la ndoa.

Mkalimani alisitasita. Nami nikasema, "Ndiyo." Nikalisikia neno lenyewe masikioni, nikalirudia. "Ndiyo, nilikuwa napenda. Nilikuwa napenda sana, na uzeeni ndiyo nilipenda zaidi kwa sababu watoto wameondoka." Nikalia mpaka boksi likaisha. Baba Donatha hakunipa ugonjwa tu. Alinichukulia kitu nilichokuwa nakipenda, akakigeuza kuwa kitu cha kukipimia mkojo.

Mshauri aliniuliza nataka nini sasa. Alitegemea amani, nafikiri.

"Kisasi," nikasema.

Akaandika. Akasema tutaanzia hapo, mradi pasitoke damu ya mtu.

Basi sikiliza jinsi Mungu anavyowafunga watu midomo na kuwafungua. Sisi wazazi Kiingereza cha kusoma hatukijui. Donatha ndiye aliyetufungulia kila kitu Marekani, simu, benki, barua pepe, na barua pepe ya baba yake yote inaingia kwenye simu yake. Jioni moja alikuwa anaitafuta humo barua ya bima yangu. Akasimama jikoni, simu mkononi.

"Mama, nani yuko Buffalo?"

"Kwaya huenda Buffalo kwenye mikutano. Si huwa wanapitia hapa unawapikia?"

"Baba alituma kifurushi kwa mtu huko. Mwanamke. Kimefika, wameandika hapa." Akanisomea tarehe ya kutumwa. Ilikuwa siku moja baada ya mimi kuleta kile kibahasha nyumbani.

Aliponisomea na uzito wa kifurushi, kidogo kama barua, nilikaa chini. Nikamweleza vile vidonge vinne. Donatha akaanza kulia kwa hasira, akisema amewapikia wali na maharage mara ngapi akimpeleka baba yake kwa hawara kwa mikono yake mwenyewe. Mimi sikulia. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kusikia njaa. Nilikula sahani mbili.

Tulikwenda Buffalo siku za mapumziko ya Donatha, theluji imefika magotini, anwani imo ndani ya simu. Njia nzima nilipanga maneno. Nilivaa viatu vizito makusudi. Nilimwazia msichana mwenye kucha ndefu. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa umri wangu, Mkongomani, soksi mbili mbili miguuni, sweta la kazini la hoteli anakosafisha vyumba.

"Karibu, mama. Unatafuta nani?"

"Mimi ni mke wa Zakaria."

Akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Zakaria wa kwaya? Ule aliniambia bibi yake alikufaka mu kambi. Donc, wewe ni nani?"

"Ndiye mimi niliyekufa."

Akashika fremu ya mlango. "Bon," akasema baadaye. "Ingia basi. Baridi inaingia mu nyumba."

Jina lake Mama Furaha, mjane. Alitupa chai. Nilimuuliza juu ya kifurushi, akasema ndiyo, alikuwa anaumwa huko chini, anaona haya kwenda hospitali, Zakaria akamtumia dawa. "Aliniambia ni ya amibe. Nilimeza mbili, zikanitapisha. Zingine ziko mu kopo ya sukari." Akainuka, akaleta. Kile kile kibahasha, karatasi ya kliniki yangu ya Louisville imebandikwa juu, vidonge viwili ndani. Yeye Zakaria alijiona haumwi, basi dawa akaipeleka kwa anayeumwa, kama tulivyozoea kambini. Ila anayeumwa aliyekuwa naye kitanda kimoja hakumhesabu.

Watu wengi wakifika hapa huniuliza kama tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Sikumpenda Mama Furaha, na mpaka leo sijampenda. Alicheka vicheko na mume wangu nikiwa naoga maji ya chumvi. Lakini nilimhitaji, na mtu unayemhitaji huwezi kumwacha aoze. Kesho yake tulimpeleka kliniki. Tulikaa viti vya plastiki sisi wawili, vitenge juu ya makoti, na nesi akauliza kama sisi ni ndugu. Nikasema ndiyo, ili maswali yaishe. Alipoitwa ndani aliniachia mkoba wake nimshikie. Akatoka na dawa yake kamili ya siku saba, akakaa, akasema bila kuniangalia, "Miaka mbili nilikuwa naunguzwa, mama. Miaka mbili." Nikamrudishia mkoba.

Baridi ilipoanza kulegea, simu ikaja kutoka Louisville. Baba Donatha alikuwa amenishtaki kwa wazee wa kanisa. Shtaka lenyewe, nimetoroka nyumbani na ninamnyima haki yake ya ndoa. Kwetu hilo si dogo, mwanamke hutengwa kwa hilo. Nikasema nakuja. Sijawahi kuitika wito kwa furaha namna ile.

Tulikaa sebuleni kwa mchungaji, wazee watatu, Baba Donatha na suti yake ya kwaya, kanisa zima likiwa katika mfungo wa wiki na wanaume hawajatia kitu mdomoni tangu usiku. Chai na chapati vilikuwa mezani vikisubiri jua lizame. Mama Mchungaji alikaa mlangoni mwa jikoni.

"Mama Donatha," mchungaji akaanza, "mume wako analalamika. Unasemaje?"

"Nasema ni kweli, namnyima." Nikatoa kile kibahasha nilichokichukua kwa Mama Furaha, nikakiweka kando ya chupa ya chai. "Namnyima mpaka ameze hivi, na hajameza. Alivituma Buffalo."

Baba Donatha akaanza kukohoa. Nikampigia Mama Furaha, nikaweka sauti juu. Hakusubiri salamu.

"Zakaria, uko hapo? Bon. Bibi yako uliniambia alikufaka, ni yeye alinipeleka ku hopitali. Wazee, hiyo dawa alinitumia miye, na ugonjwa pia alinipa miye. Mukitaka niape, nitaapa."

Mzee mmoja alivua miwani akaanza kuifuta, akaifuta mpaka nikamhurumia. Mimi nikatoa mkobani vidonge vinne vipya nilivyopewa Columbus, nikavipanga mbele ya mume wangu, nikammiminia maji.

"Meza."

"Mama Donatha, mbele ya watu—"

"Mbele ya watu ndipo uliponiombea roho ya uzinzi. Meza."

Alimeza kimoja kimoja, nami nikavihesabu kwa sauti. Nesi alikuwa amesema vimezwe baada ya kula. Hilo sikumwambia, na sahani ya chapati niliisogeza upande wangu. Kabla sijafika Columbus, Mama Mchungaji alikuwa ameshawapigia nusu ya akina mama kuwaeleza jinsi mzee alivyotapika kwenye maua yake. Unaweza kusema nilikosea. Nimelala vizuri tangu siku ile.

Walimvua uzee wa kanisa na kwaya, wakamweka benchi la nyuma. Kipimo changu cha tatu kilitoka safi, miti ya Columbus ikiwa imeanza majani, na mwili wangu ukaanza kurudi polepole, kwanza hamu ya chakula, kisha usingizi, kisha nyimbo. Mambo mengine bado yanarudi. Mshauri anasema yatarudi, nami siku nyingine naamini.

Lakini kanisa letu lina utaratibu. Mwanaume aliyetengwa kwa uzinzi akitubu, hawezi kurudishiwa nafasi yake mpaka mke wake asimame mbele ya watu aseme amemsamehe. Mke asiposimama, anabaki nyuma. Mwezi uliopita mchungaji alinipigia mara nne kuniomba nije. Alisema kwaya imekufa bila Zakaria. Nilikwenda, na Donatha hakunisemesha njia nzima kwa sababu aliogopa kwamba nitalegea.

Na kweli nililegea. Lazima niseme. Baba Donatha alisimama mbele, amekonda, suti imemzidi, akalia machozi yake yale ya kidevuni. Mchungaji akasema, "Mke wake asimame." Watu mia wakageuka. Macho ya watu wako ni kitu kizito, na mimi nimelelewa kusimama nikiitwa. Miguu ilianza kunyanyuka yenyewe, na mdomoni nilishakuwa na neno la kusamehe ambalo moyoni halikuwepo.

Kitu kikanivuta kwa chini. Mama Mchungaji, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja mwenyewe kukaa kando yangu, alikuwa ameshika kitenge changu kwa mkono mzima, amekikunja ngumini, ananirudisha kwenye benchi. Nilikaa kwa kishindo. Mchungaji akarudia, "Mke wake asimame," na ile ngumi ikakaza.

Hakuniangalia. Macho yake yalikuwa kule mbele, kwa mume wake mwenyewe. Midomo yake ikasogea kidogo tu.

"Mama Donatha," akaninong'oneza, "ile kliniki yako inapokea watu siku gani?"